Shemeji Wawili na Bomba la Shaba

Tone la kwanza lilitua begani mwa koti jeupe la bwana harusi. La pili likatua palepale, kana kwamba yalikuwa yameelekezana njia.

Mwenye koti hakuwa bwana harusi bado. Koti lilikuwa limevaliwa na sanamu la mbao ndani ya duka la Fundi Suti, na Fundi Suti ndiye mwenye jengo. Yeye anashona chini, sisi tunasuka juu. Alipanda ngazi akiwa amelining'iniza lile koti kwenye henga, amelitanguliza mbele kama mtu anayepeleka majeruhi hospitali.

"Hiki ni nini?" akauliza.

Dada yangu, ambaye ndiye mwenye saluni, alikuwa na kichwa cha mteja mikononi. "Koti, Fundi."

"Koti najua, nimelishona mimi! Nauliza hapa, begani!"

Palikuwa na doa la rangi ya kutu, duara, limetanuka kingo kidogo. Mimi ndiye ninayeosha nywele pale saluni, na nikasema, kwa nia njema kabisa, kwamba linafanana na nishani. Dada alinitupia jicho ambalo huwa tunatumia nyumbani badala ya fimbo.

"Sikilizeni, wanangu," akasema Fundi Suti, na jino lake la dhahabu likamulika. "Hili nitalisafisha. Lakini tone moja, nasema tone moja tu, likianguka tena juu ya nguo yangu, mtashusha viti vyenu, madraya yenu, na huyu mwenye mdomo."

Huyu mwenye mdomo ni mimi.

Kitisho chenyewe hakikuwa cha kuchekesha. Dada alianza kusuka barazani kwa Mama, mteja ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, kuku wanapita katikati ya miguu wakidonoa nywele bandia. Chumba hiki cha juu, chenye sinki na maji ya moto, alikiota miaka. Katika mtaa mzima hakuna kingine. Kufukuzwa hapa ni kurudi kwa kuku, na kuku hawakumpenda Dada, na Dada hakuwapenda kuku.

Maji ya moto yalikuwa yanatoka kwenye tangi la chuma lililosimama pembeni, nyuma ya pazia, lenye hita ya umeme tumboni. Kutoka kwenye shingo ya tangi lilipita bomba la shaba nyekundu, likafuata ukuta mpaka kwenye sinki, linang'aa hata wateja walikuwa wanajitazamia lipstiki humo. Bomba hilo alilifunga Baba. Baba ni fundi bomba, na akikuta bomba la shaba kwenye nyumba ya watu hulipapasa kwanza ndipo anawasalimia wenyewe. Lile la Dada alilisugua kwa kitambaa mpaka Mama akauliza kama anafunga bomba au anaposa.

Umeme uliwekwa na Mjomba, kaka yake Mama. Mjomba imani yake ni moja: ethi. Ethi ni ule waya wa njano na kijani unaopeleka umeme uliopotea njia ardhini, usije ukapitia kwako. Hakuna mtu aliyebisha faida yake, ila Mjomba anazidisha. Akikuta kijiko cha chuma mezani anataka kujua kama kina ethi.

Baba na Mjomba ni mashemeji wa kuheshimiana sana, yaani hawapatani. Siku ya kufungua saluni Baba alisimama akasema bila maji hakuna saluni. Mjomba akasimama akasema bila umeme maji hayo ni ya kunywea mbuzi. Tangu siku hiyo Baba akija kutengeneza kitu huja asubuhi kabla hatujafungua, na Mjomba huja jioni akitoka kazini, na kila mmoja anauliza, kama mtu asiyejali, "Huyo mwingine amepita hapa?"

Basi baada ya lile koti, Dada alimwita Baba. Baba akafunga maji, akafungua pale bomba linapoingia kwenye shingo ya tangi, akatutolea kipande cha shingo mkononi. Kilikuwa kimeliwa kama biskuti iliyosahauliwa kwenye chai.

"Kosa langu," akasema, na nikatafuta kalenda ili niiwekee alama siku hiyo, lakini akaendelea haraka. "Kosa langu ni kuamini tangi la siku hizi. Tazameni. Shaba na chuma ukivigusanisha halafu ukavimwagia maji, umeunda betri. Ndogo, huwezi kuwasha nayo taa, lakini inafanya kazi usiku na mchana. Na anayelipia ni chuma. Kinaliwa taratibu, shaba hata habari haina."

"Sasa?" Dada akauliza.

"Sasa tunavitenganisha. Maji yapite, vyuma visigusane." Akatoa mfukoni kiungo chenye washa, yaani pete nene ya mpira, na kikombe cha plastiki ndani yake. "Kama watoto wawili wanaofinyana kwenye kiti cha nyuma. Huwapigi. Unaweka begi katikati."

Akaweka shingo mpya, akaweka begi lake katikati, akafuta vidole vyake kwenye bomba, akaondoka akipiga mluzi.

Tulistarehe. Lakini haikuchukua muda, maji ya moto yakaanza kutoka na rangi. Mteja mmoja alikuja kuzitoa nywele zake weusi ziwe za asali. Baada ya kuoshwa zikatoka rangi ya bati kuukuu. Dada alishika ukuta. Yule mteja akajitazama kwenye kioo, kulia, kushoto, akasema, "Hii ndiyo niliyokuwa naitaka!" Kesho yake akamleta mwenzake. "Anataka kama yangu," akasema. Ikabidi Dada amwambie ile dawa imekwisha dukani.

Baba akarudi. Akafungua. Washa yake ya mpira ilikuwa nzima, safi, imekaa mahali pake. Na shingo ya tangi ilikuwa imeliwa vilevile.

"Haiwezekani," akasema Baba. Akaivua miwani, akaivaa. "Hili tangi limetengenezwa kwa makopo ya nyanya."

Akabadilisha washa, ambayo haikuwa na ubaya wowote, akakaza shingo ileile kwa uzi na moyo mzito. Sisi tukaweka bakuli chini ya kiungo. Kila nikisikia *tii* ndani ya bakuli, nasikia pia cherehani ya Fundi Suti huko chini, na Dada anaacha mkono wake hewani mpaka inyamaze.

Siri niliikuta nikitafuta kitana. Kilinitoka mikononi kikaingia chini ya sinki, nikakifuata kwa magoti, na pale chini, kwenye kona ambayo hakuna mtu mwenye akili zake anaiangalia, nikaona waya. Njano na kijani. Umefungwa kwenye bomba la shaba kwa kibanio kizuri, ncha zimekatwa sawasawa, umepita nyuma ya kioo. Nikaufuata kwa kidole kama mtu anayesoma. Ulikwenda ukutani mpaka nyuma ya pazia, na ukaishia kwenye boliti ileile inayoshika ethi ya tangi.

Nilisoma sayansi sekondari. Alama niliyopata ni siri yangu na mwalimu, lakini limau, msumari na kipande cha shaba navikumbuka. Nikakaa sakafuni nikacheka mpaka mteja akauliza kama kuna panya. Baba alikuwa amevitenganisha shaba na chuma mlango wa mbele, na Mjomba amevikutanisha mlango wa nyuma. Begi lipo katikati ya watoto, sawa, lakini wanafinyana kwa nyuma ya kiti.

"Mjomba alikuja ile siku draya ilipoharibika," Dada akakumbuka. "Alisema bomba limepoteza ethi. Alikuwa amekasirika hata chai hakunywa."

"Tumwambie Baba?"

"Baba ataukata."

"Tumwambie Mjomba?"

"Mjomba ataweka mwingine mnene zaidi."

Tukaamua kuwaita wote wawili saa ile ile. Baba tukamwambia tangi. Mjomba tukamwambia draya. Uongo wenyewe ulikuwa mdogo; madraya yetu siku zote yana jambo.

Walikutana kwenye ngazi. "Shemeji." "Shemeji." Kila mmoja akampisha mwenzake apite kwanza, kwa adabu kubwa, mpaka wakawa wanazuia njia ya mteja aliyekuwa anashuka. Walipofika juu Dada akafunua pazia, mimi nikaonyesha waya chini ya sinki.

Baba aliinama, akautazama. Akainuka na uso mtulivu kuliko wa kawaida, na hapo nikajua ametibuka.

"Shemeji. Huu ni wako?"

"Ni wangu, na ninajivunia. Wewe umekata bomba katikati ukachomeka mpira. Unajua maana yake? Hita ile ikileta hitilafu, umeme utakaa kwenye bomba unasubiri mkono wa mtoto wa dada yangu!"

"Na wewe kwa waya wako umeirudisha betri, tangi linaliwa!"

"Betri gani?"

"Shaba na chuma na maji!"

Mjomba akacheka, kile kicheko chake cha kuvuta hewa ndani. "Shemeji, umeme unatoka kwenye nguzo. Unaingia kwenye mita. Haujawahi kutoka kwenye sinki. Ukikuta umeme unatoka kwenye sinki nipigie simu, nitakuja hata kama nimelala."

"Shingo hiyo imeliwa na nini? Na wewe?"

"Imeliwa na ubovu wa kazi!"

Hapo sauti zilikuwa zimepanda hadi mteja aliyekuwa chini ya draya akaizima mwenyewe asikie vizuri. Na ngazi zikalia: Fundi Suti anapanda, tepu ya kupimia shingoni, pini zimepangwa kwenye midomo.

"Kuna nini huku? Nakata suruali chini, mkasi umerukia goti."

"Shikamoo, Fundi," sote tukasema kwa pamoja, kama darasa.

Mimi ndipo nikapata wazo. Kwenye meza ya Dada kulikuwa na mkunjo wa karatasi ya alumini tunayofungia nywele zinapopakwa rangi. Nikachana kipande, nikakikunja kidogo. "Fundi, samahani. Toa pini, tafadhali, ung'ate hiki. Kwa lile jino la dhahabu."

"Kwa nini?"

"Kuna ubishi wa kitaalamu na wewe ndiye mwenye vifaa."

Mtu ukimwambia ana vifaa hawezi kukataa. Akatoa pini, akaweka kile kikaratasi, akauma.

Yowe alilotoa lilinyanyua nywele ambazo hazijasukwa. Akashika shavu, akapiga mguu sakafuni. "Umeniwekea umeme! Huyu mtoto ameniwekea umeme mdomoni!"

"Kutoka nguzo ipi, Mjomba?" nikauliza.

Mjomba alikuwa ameacha kucheka. Akachukua kipande chake, akauma. Hakuna kitu, Mjomba meno yake yote ni ya kuzaliwa nayo. Akauma tena, kwa bidii. Akamgeukia Fundi Suti. "Mzee wangu, ungeweza kurudia? Mara moja tu, nithibitishe."

"Nitarudia kukufukuza wewe!"

"Dhahabu na hiyo karatasi ni vyuma viwili tofauti," Baba akaeleza, na lazima nikiri alikuwa anafurahi. "Mate ndiyo maji. Vikigusana, betri. Ni lilelile la bomba langu, ila hapa analipia Fundi."

Dada, mwenye akili kuliko sisi sote, alikuwa tayari amemketisha Fundi Suti kwenye kiti kilicho mbali zaidi na pazia, amemlaza, amemfunika macho kwa taulo la moto. "Tulia, Fundi. Nakukanda shavu, maumivu yanaondoka." Fundi Suti akanung'unika, halafu manung'uniko yakaanza kulegea.

Nyuma ya pazia ubishi uliendelea kwa kunong'ona.

"Bado ninasema washa yako ilikuwa imelegea," Mjomba akanong'ona.

"Imelegea? Shika. Shika uone ilivyokaza." Na Baba, ili kuthibitisha, akalishika bomba akalitikisa.

*Kraa.*

Shingo ya tangi ikakatika kama muwa. Maji yakaruka. Mjomba akairukia swichi, Baba akairukia koki ya kuingizia maji, wakagongana vichwa, kila mmoja akafika kwenye ya mwenzake. Mjomba akafunga koki. Baba akazima swichi. Maji yakakoma, lakini yale yaliyokwisha kutoka yalikuwa yameshapiga hesabu zao: yalipita chini ya pazia, yakaukuta ufa wa sakafu, yakaanza kuzama. Na chini ya ufa ule ndipo linaposimama lile sanamu, na koti lile, limesafishwa.

Dada aliyaona. Aliinua mguu akawasha draya iliyo jirani, ikanguruma, akainamia shavu la Fundi Suti kwa vidole vyote kumi. "Hapa panauma? Na hapa?"

"Hapo," Fundi Suti akasema ndani ya taulo. "Na upande wa pili pia kidogo."

Upande wa pili haukuwa na jino la dhahabu. Lakini mkono wa Dada ni mzuri.

Baba na Mjomba walishuka ngazi bila kiatu hata kimoja kulia. Mimi nikamwagia ufa mataulo yote tuliyokuwa nayo, kisha nikawafuata. Nilichokiona dukani sitakisahau. Baba amepanda juu ya meza ya kukatia nguo na beseni letu la kuoshea nywele, amelinyanyua kuelekea darini. Mjomba amelikumbatia sanamu kwa nyuma, amelivuta kifuani, na kipara chake amekitanguliza juu ya bega la koti kama mwavuli.

"Shemeji, sogea kushoto."

"Kushoto kwangu au kwako?"

"Kushoto kwa tone!"

*Tii*, ndani ya beseni. *Tii*, ndani ya beseni. *Ta*, juu ya kipara.

"Hilo limenipata," Mjomba akasema kwa utulivu.

"Vumilia, shemeji. Usilifute, litachirizika kwenye koti."

"Sijifuti. Shika beseni lako."

Sikumbuki kuwasikia wakiongea vizuri hivyo tangu nizaliwe.

Dada aliishiwa mashavu. Fundi Suti akashuka, uso unang'aa kwa mafuta, akasimama mlangoni. Alimtazama Baba aliye juu ya meza yake kwa soksi tu. Akamtazama Mjomba aliyemkumbatia bwana harusi. Akatazama dari. Akaenda taratibu, akalipapasa koti begani, mgongoni, kwenye kola, kama daktari. Mimi na Dada tulikuwa tumeshikana mikono kwenye ngazi.

"Tone limeanguka?"

"Limeanguka," Baba akasema. Baba hajui kudanganya. Ndiyo maana hatumpi siri. "Lakini halikuangukia nguo. Limemwangukia shemeji yangu."

"Na mimi si nguo," Mjomba akaongeza, mstari wa maji ya kutu ukimshuka kwenye paji. "Naomba hilo lizingatiwe."

Fundi Suti akagusa shavu lake. Akafikiri, na sidhani alifikiria koti peke yake. "Bwana harusi anachukua suti Jumamosi," akasema. "Jumamosi nataka dari kavu. Jumapili pia. Na huyo binti mkubwa anikande tena lile shavu, bado lina kitu."

Tukapanda, tukakaa saluni, wanne, na tangi lililovunjika shingo. Mjomba akasema bila ethi hamruhusu mtoto wa dada yake kushika bomba lenye hita nyuma yake, na Baba akakubali kwamba hilo ni kweli. Baba akasema bila kutenganisha, tangi litaliwa tena, na Mjomba akajipapasa kipara akakubali kwamba hilo nalo ni kweli. Kukubaliana kulikuwa kumewachosha.

"Kwani lazima liwe la shaba?" Dada akauliza.

Wote wawili wakamgeukia.

"Lile la plastiki gumu, la maji ya moto. Halili tangi. Wala halipitishi umeme."

Mjomba akahesabu kitu kwa vidole. "Tangi linabaki na ethi yake," akasema polepole. "Bomba la plastiki halihitaji. Hakuna kitu cha kufungia waya." Alilisema hilo la mwisho kwa huzuni kidogo.

Lakini mwenye huzuni hasa alikuwa Baba. "Nifunge plastiki? Kwenye saluni ya binti yangu?" Akalitazama bomba lake lililolala sakafuni. "Lile nilikung'arishia mwenyewe."

"Najua, Baba," Dada akasema. "Nalitaka libaki, hata kama halipitishi maji. Ndiyo maana nauliza."

Baba akakohoa, akasema kuna vumbi humu, akaenda kutafuta spana ambayo alikuwa ameishika.

Ijumaa walifanya kazi pamoja, mchana kweupe. Baba akachomelea shingo mpya, akafunga plastiki. Mjomba akapima, akatikisa kichwa kwa ridhaa, akaukunja waya wake akauweka mfukoni. Jumamosi bwana harusi alichukua koti jeupe. Dari lilikuwa kavu. Fundi Suti alipanda na shavu lake, la kushoto safari hii, na tukajua tumebaki.

Jioni yake Baba akaja na zawadi. Lile bomba la shaba alikuwa amelikata, amelipinda ncha zote mbili, amelisugua upya, na akalifunga ukutani kando ya sinki liwe la kuanikia mataulo. Lilipendeza. Dada alianika moja hapohapo, limetoka kukamuliwa. Baba akarudi nyuma hatua, akaweka mikono kiunoni.

Mjomba akalisogelea. Nikamkonyeza Dada: sasa anauliza ethi.

Hakuuliza ethi. Aliinama pale bomba linaposhikwa ukutani, akatazama kwa makini.

"Shemeji. Skrubu hizi ni za nini?"

"Za chuma. Imara kabisa."

"Na hilo ni shaba."

"Shaba safi."

Mjomba akalishika taulo kwa vidole viwili. Tone moja likakusanyika kwenye pindo, likanenepa, likaanguka sakafuni, karibu na ule ufa.

"Na taulo bichi," Mjomba akasema.

Baba aliingiza mkono mfukoni, akatoa washa mbili za mpira, na akaomba bisibisi.